Siku sita kwenye manzuki karibu na Arua: tathmini ya mafunzo ya vitendo kwa mfugaji nyuki anayeanza

Mwezi Machi mwaka jana nililipa shilingi 300,000 kwa mafunzo ya siku sita ya ufugaji wa nyuki katika shamba moja lenye manzuki, yaani eneo la mizinga ya nyuki, lililo mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kisha nikaongeza shilingi 150,000 kwa mzinga mmoja uliotengenezwa katika karakana yao. Jina la shamba silitaji, kwa sababu malalamiko yangu wenyewe wanayajua na bado tunazungumza. Ninachotaka ni kueleza kile ambacho mtu anayeanza anakipata kwa fedha hizo na kile ambacho hakipati, maana katika shughuli hii wenye vyeti ni wengi kuliko waliowahi kufungua mzinga.

Mimi mwenyewe nilikuwa mfugaji wa kusimuliwa. Shemeji yangu alinipa mzinga wa gogo, nyuki wakaingia wenyewe, nami siku moja saa nane mchana nikaufungua nikiwa nimejifunika kanga kichwani, nikishika kisu cha jikoni na gazeti linalowaka. Niliumwa mara ambazo sikuzihesabu, mbuzi wa jirani aliyekuwa amefungwa karibu akaumwa pia, na siku ya nne mzinga ukawa mtupu. Nyuki wetu wa Afrika wana tabia hiyo: wakisumbuliwa kupita kiasi hawabaki kujenga upya, huhama kundi zima na kuacha masega nyuma. Ndipo nilipoamua kutafuta mtu wa kunishika mkono.

Tulikuwa wanafunzi 11, wengine Walugbara, wengine Wakakwa, Waaluri wawili kutoka Nebbi, kijana mmoja kutoka upande wa Kongo na akina mama wawili wa Sudan Kusini wanaoishi katika kambi ya wakimbizi ya Rhino, kwa hiyo somo zima liliendeshwa kwa Kiswahili, lugha ambayo sokoni Arua ndiyo inayotuunganisha. Hilo peke yake ni sifa, kwa kuwa mafunzo mengine niliyoyaulizia yalikuwa ya Kiingereza cha kusoma kwenye karatasi, na mama wa miaka 60 anayejua miti yote inayochanua kwao hawezi kukaa siku sita akisikiliza karatasi.

Shamba lina mizinga kama 40, mingi ikiwa ya aina ambayo Uganda nzima inaiita KTB (Kenya Top Bar), yaani mzinga wa papi za juu uliobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni sanduku refu ambalo kuta zake huinama kuelekea chini, na juu yake hulazwa papi, yaani vipande vyembamba vya mbao, zilizobanana bega kwa bega, ili nyuki wajenge sega moja chini ya kila papi. Hutundikwa kwa waya usawa wa kiuno. Kwetu mzinga wa gogo hukaa juu mtini na kurina asali kumekuwa kazi ya wanaume wanaopanda usiku na mwenge, kwa hiyo mwanamke anayeweza kusimama chini na kuinua papi moja moja amepata mlango ambao mama yake hakuupata. Manzuki yenyewe imewekwa nyuma ya uzio wa miti, mbali na nyumba na njia ya watu, na waya za kutundikia zimepakwa grisi ili siafu wasishuke. Ukiona mpangilio huo kabla hujaambiwa lolote, umeshajifunza nusu ya somo la kwanza.

Siku nzima ya kwanza hatukufungua mzinga hata mmoja. Tulijifunza kuwasha bomba la moshi. Wengine walinung'unika, na mimi nilikuwa miongoni mwao, lakini sasa ninaona kwamba ile ndiyo siku iliyonilipa zaidi. Mwalimu wetu, ambaye sote tulimwita Mzee, alitupa magunzi ya mahindi, kinyesi kikavu cha ng'ombe na majani makavu, akatuambia kila mtu awashe bomba lake na kulifanya litoe moshi kwa nusu saa bila kuzimika. Bomba langu lilizimika mara nne. Kosa lilikuwa kushindilia magunzi kabla moto haujashika chini, jambo ambalo hakuna maelezo yoyote yangenifundisha kama vile kuona wenzangu wameketi kivulini wakinywa chai huku mimi bado ninapuliza. Kipimo chake kilikuwa kupuliza moshi nyuma ya kiganja: ukihisi joto, nyuki nao watalihisi, na badala ya kutulia watachachamaa. Moshi unaofaa ni mweupe, mzito na wa baridi. Aliyejaribu kutia kitambaa chenye mafuta taa alikatazwa mara moja, kwa sababu harufu ile huingia kwenye asali na haitoki tena, na nchi ambayo tangu mwaka 2005 ina ruhusa ya kuuza asali katika soko la Umoja wa Ulaya haiwezi kupeleka huko asali yenye ladha ya taa ya chemli.

Sababu ya moshi alitueleza kwa ufupi na kwa usahihi. Nyuki anayeuma huacha harufu inayowaita wenzake waje kuuma palepale, nao moshi huifunika harufu hiyo. Pia huwafanya nyuki wakimbilie kujaza asali tumboni kana kwamba wanajiandaa kuhama, na nyuki aliyeshiba si mwepesi wa kuuma. Harufu yenyewe ni ya ndizi mbivu. Asubuhi ya pili mpishi alituletea ndizi za bogoya pamoja na chai, naye Mzee alipoingia na kuona maganda mezani alisimama kimya, akayakusanya yote, akaamuru kila mtu anawe mikono kwa sabuni mara mbili. Tulicheka, lakini jioni ile nilipoumwa kwenye kifundo na kuinusa glovu yangu, nilikuta harufu ileile ya bogoya.

Mizinga tuliifungua jioni, kuanzia saa kumi na moja na nusu, ili nyuki waliochokozwa wasipate mwanga mrefu wa kufuata watu na mifugo. Mara ya kwanza nilikuwa wa tatu kwenye zamu. Nilinyoosha mkono moja kwa moja kwenye papi, na Mzee akaushika juu ya glovu na kuurudisha. "Mama, moshi kwanza, mkono baadaye. Kisha bisha hodi." Nilidhani anatania, kumbe kubisha hodi ni kugonga papi kwa kidole kuanzia upande mmoja: palipo tupu hulia kama debe, penye sega hutoa mlio mzito uliokufa. Unaanzia penye utupu, unatoa papi mbili tatu, unapata nafasi ya kusogeza nyingine bila kuponda nyuki. Papi ya kwanza yenye sega ilinata kwa gundi ya nyuki, nikaichokonoa kwa patasi, ikaachia kwa mlio mdogo kama wa kijiti kinachokatika, na mngurumo wa ndani ukapanda sauti kisha ukashuka. Sega jipya la papi lazima libaki likining'inia wima. Ukiligeuza kulala kama unavyogeuza ukurasa, uzito wa asali hulikata pale juu na lote likaanguka miguuni pako. Kijana wa Kongo alijifunza hilo kwa njia ngumu, na sote tukajifunza kupitia kwake.

Kwa siku nne zilizofuata nilifungua mizinga 9 kwa mikono yangu, na hapa ndipo shamba lile linapostahili sifa isiyo na shaka. Kila ufunguaji ulikuwa na swali la kujibiwa. Mzee angeinua sega na kumwuliza mtu: malkia yumo? Anayeanza huanza kumtafuta malkia kwa macho katikati ya maelfu ya nyuki, na hampati. Jibu lipo kwenye vyumba vya sega. Yai la nyuki ni kama punje ya mchele iliyochongwa ikawa nyembamba mno; siku ya kwanza husimama wima kwenye sakafu ya chumba, siku ya pili huinama, siku ya tatu hulala, kisha huanguliwa na kuwa jana, yaani buu la nyuki. Ukiona mayai yaliyosimama, malkia alipita hapo kati ya jana na leo, wala huna haja ya kumwona. Ilinichukua mizinga mitano kuyaona mayai yale, kwa sababu ni lazima uliweke jua mgongoni na kuliinamisha sega kidogo tu mpaka mwanga ufike chini ya chumba. Mama mmoja wa Sudan Kusini aliyaona kwenye mzinga wa pili, na kuanzia hapo akawa mwalimu wetu wa pili.

Tulifundishwa pia kuhesabu kwa kuangalia vifuniko: kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, hutoka takribani siku 21 tangu yai litagwe, dume siku 24, malkia siku 16 tu. Vifuniko vya vibarua ni bapa, vya madume vimetuna kama risasi, na chumba cha malkia huning'inia pembeni au chini ya sega kama ganda la karanga. Ukiyajua haya, sega moja linakueleza mambo ya wiki tatu zilizopita katika kundi lile. Kila mmoja alipewa daftari la kuandikia namba ya mzinga, tarehe, alichokiona na alichokifanya, na ninalo daftari hilo mpaka leo, limejaa alama za nta.

Siku ya tano ilikuwa ya kurina. Kanuni waliyotupa ni kuchukua sega ambalo sehemu yake kubwa, si chini ya theluthi mbili, imefunikwa kwa nta, kwa kuwa asali isiyofunikwa bado ina maji mengi na itachacha. Asali nzuri ya kuuza haizidi asilimia 20 ya maji, na walikuwa na kile kifaa kidogo cha kupimia kwa mwanga, rifraktomita, ambacho kila mwanafunzi alidondoshea tone na kusoma mwenyewe. Tone langu lilisoma 18. La mwenzangu aliyekata sega nusu wazi lilisoma 22, na ndoo yake ikatengwa. Masega ya majana hayaguswi, na yapo masega ya asali wanayoachiwa wenyewe, ili kundi lisilazimike kuhama kwa njaa. Kuchuja kulifanyika kwa kitambaa safi bila kuchemsha, nayo masalio ya nta yakaoshwa na kuyeyushwa kwenye maji ya moto. Wale waliozoea asali ya sokoni, ambayo mara nyingi hukamuliwa pamoja na majana na chavua mpaka ikawa nyeusi yenye povu, walionja ile ya kitambaa wakauliza imetiwa nini. Haikuwa imetiwa kitu.

Somo la mzinga wa Langstroth lilikuwa la saa mbili, na halikuhitaji kuzidi hapo. Ni mzinga mzuri, una fremu na masanduku ya kupandisha, lakini faida yake huonekana ukiwa na mashine ya kukamulia inayorudisha sega zima kwa nyuki, na seremala anayeheshimu milimita. Anayeanza na mzinga mmoja au miwili hana haja nao, na ninawashukuru kwa kusema hivyo waziwazi ilhali karakana yao inaiuza kwa bei kubwa zaidi.

Sasa nije kwenye yaliyonikera. Kwa wanafunzi 11 kulikuwa na mavazi 7 ya nyuki, na katika hayo mawili yalikuwa na zipu iliyokufa ikazibwa kwa selotepu. Kwa hiyo kila jioni wanne walisimama mbali wakitazama migongo ya wenzao, na aliyelipa kwa ajili ya vitendo akapata theluthi mbili tu ya alicholipia. Mimi nilipata mizinga 9 kwa sababu niliwahi kila siku, si kwa sababu zamu zilipangwa kwa haki. Dada aliyemsaidia Mzee alifanya juhudi, lakini juhudi haishoni zipu.

Kubwa zaidi ni kwamba hakuna aliyeulizwa kuhusu mzio mpaka siku ya tatu, baada ya mwenzetu mmoja kuumwa shingoni na uso wake kuanza kuvimba. Kwa bahati uvimbe uliishia hapo. Walitufundisha vizuri kuukwangua mwiba kwa ukucha haraka, bila kuubana, kwa kuwa mfuko wa sumu hubaki nao na huendelea kusukuma hata nyuki akishaondoka. Lakini mtu ambaye koo lake linafunga au anayepumua kwa shida hahitaji ukucha, anahitaji kufikishwa hospitali mara moja na kupewa adrenalini, na shamba halikuwa na dawa hiyo wala chombo cha usafiri kilichowekwa tayari. Pikipiki ya mpishi ndiyo ingekuwa ambulensi. Swali la mzio lingechukua dakika mbili wakati wa kujiandikisha, pale tulipokuwa tukiandika majina na namba za simu.

Halafu kuna mzinga nilioununua. Siku ya pili Mzee alisisitiza, mpaka tukachoka kumsikia, kwamba papi kwa nyuki wetu iwe na upana wa milimita 32, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi wanayoipenda kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya lingine. Nyuki wa Ulaya ni wakubwa zaidi na hutaka kama 35. Nilimwamini, wala sikufikiri kwamba karakana iliyo hatua 50 kutoka alipokuwa amesimama haikuwa ikimsikiliza. Nilipaka nta ndani, nikachora mstari wa nta chini ya kila papi, nikautundika nyuma ya shamba langu la mihogo, na baada ya wiki saba bumba la nyuki likaingia. Furaha yangu haikuwa na kifani. Miezi miwili baadaye nilifungua, nikabisha hodi kama nilivyofunzwa, nikainua papi ya kwanza na ya pili bila shida. Ya tano ilikataa. Ilikuwa imeshikamana na ya sita, na nilipochungulia chini nikaona sega limekatisha kwa mshazari kutoka papi moja hadi nyingine, limejaa majana, kiasi kwamba kuinua moja ni kulipasua.

Nilifunga taratibu, nikachukua rula ya mwanangu ya shule na kupima papi mbili zilizokuwa bado tupu. Zilikuwa na milimita 36. Tofauti ya milimita 4 inaonekana ndogo, lakini nyuki hujenga kwa kipimo chao, kwa hiyo kila sega husogea kidogo kutoka katikati ya papi, na kufikia sega la sita wameshapotoka milimita 20 na kuangukia kwenye kiungo cha papi ya tano na ya sita. Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo: mizinga ya shambani ilikuwa na papi 26, wangu ulikuwa na 23, na sanduku lina urefu uleule. Mtu yeyote aliyepita darasa la tano angeweza kugawanya. Sikugawanya.

Ahadi ya kututembelea baada ya mafunzo nayo ilikuwa ya maneno matamu. Walisema watakuja mara mbili katika miezi sita. Nilipigiwa simu moja, ya kuniuliza kama ninamjua mtu mwingine anayetaka kujiandikisha. Siafu walipouvamia mzinga wangu mwezi Juni, aliyenisaidia ni yule mama wa Sudan Kusini, aliyenieleza kwa simu niutundike kwa waya nyembamba zaidi, nizipake grisi upya na kukata kila jani linalougusa. Nadhani mafunzo yote ya namna hii yangefaa kupunguza siku sita ziwe nne, kisha siku mbili zilizobaki ziwekwe mwezi wa tatu na wa sita, nyumbani kwa mwanafunzi, kwa kuwa matatizo ya anayeanza hayaji wiki ile ya kwanza.

Pamoja na hayo yote, mdogo wangu anataka kwenda mwaka huu na sikumzuia. Nimemwambia apige simu kwanza aulize mavazi ni mangapi na wanafunzi ni wangapi, ataje mwenyewe kwamba aliwahi kuvimba alipoumwa na nyigu, avae buti zake badala ya kutegemea za shamba, na mzinga aununue kwa seremala wa mtaani akiwa amesimama karibu na rula mkononi. Mzee bado anafundisha, na kwa ajili ya zile jioni ningelilipa tena shilingi 300,000.

Kuhusu papi, nilipeleka moja shambani pamoja na rula. Mwenye karakana aliipima mara mbili, akampa fundi wake aipime mara ya tatu, kisha akaniomba radhi na kuahidi nyingine 26 bila malipo. Zilichukua wiki tano kufika, zikiwa zimefungwa kwa kamba juu ya basi. Nilizipima zote nikiwa nimeketi barazani: 24 zilikuwa sawasawa, mbili zilizidi kwa milimita moja, na hizo nimezipiga randa mwenyewe.